Safu za Septemba: namna ya kusoma mabadiliko ya mapema katika hoki ya barafu ya wanawake wa vyuo vya Marekani

Chuo Kikuu cha Wisconsin kilimaliza msimu wa 2024-25 wa hoki ya barafu ya wanawake kikiwa kimeshinda mechi 38, kimefungwa moja na kutoka sare mbili. Kombe la taifa likaenda Madison, mji wa chuo hicho, kwa mara ya nane. Baada ya hapo Casey O'Brien, senta (mshambuliaji wa kati) aliyekusanya pointi 88 (mabao 26 na pasi za mabao 62) na kutwaa tuzo ya Patty Kazmaier ya mchezaji bora wa vyuo, akamaliza muda wake chuoni, na New York Sirens wakamchukua wa tatu katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa. Swali likawa moja kwa kila mpenzi wa timu hiyo: nani anacheza nafasi yake?

Swali hilo halina jibu la jina moja. Senta wa kiwango kile anabeba kazi tatu au nne kwa mpigo, na akiondoka kocha huzigawa kazi hizo kwa watu tofauti, mara nyingi kwa majaribio yanayochukua wiki kadhaa. Ndiyo maana orodha za wachezaji za Septemba na Oktoba hubadilikabadilika, na ndiyo maana anayezisoma kama msimamo wa nani bora kuliko nani huishia kushangaa Novemba.

Hesabu ya dakika

Aliyezoea mpira wa miguu aanze na hili: hapa hakuna kikosi cha kwanza kinachocheza mechi nzima. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaruhusu wachezaji wa ndani 19, mbali na makipa, kuvaa jezi siku ya mechi. Barafuni wanakuwa sita kwa wakati mmoja: kipa, mabeki wawili, na mbele senta na mawinga wawili. Hao watatu wa mbele ndio safu. Kwa kawaida kocha huvalisha washambuliaji 12, yaani safu nne, na mabeki sita katika jozi tatu. Nafasi ya 19 humwendea beki wa saba au mshambuliaji wa 13, na ukitazama nani kaipata utajua kocha ana wasiwasi wapi wikiendi hiyo: kuna beki mwenye maumivu, au kuna winga ambaye hajamwamini.

Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Ukigawa sawasawa, kila mshambuliaji anapata dakika 15 na kila beki 20. Zamu moja ya kuwa barafuni huchukua kati ya sekunde 35 na 50, kwa sababu mchezaji anakimbia kwa nguvu zote muda wote. Akizidisha hapo, miguu inakuwa mizito na anaanza kukaba kwa gongo (fimbo ya kuchezea) badala ya kukaba kwa mwendo. Kwa zamu za sekunde 45, dakika 15 ni zamu 20.

Lakini hakuna kocha anayegawa sawasawa. Mgawo wa dakika 20 kwa safu ya kwanza, 17 kwa ya pili, 14 kwa ya tatu na 9 kwa ya nne unatimiza 60, na huo uko karibu zaidi na hali halisi kwenye mechi ngumu. Kila dakika anayoongezewa mmoja imetoka kwa mwingine. Kwa hiyo namba ya safu kwenye karatasi haitoshi kukupa picha. Safu ya tatu inayocheza dakika 16 dhidi ya nyota wa wapinzani ina uzito kuliko safu ya pili inayocheza 14 dhidi ya wanaochechemea.

Muda wa kujaribu ni mfupi

Msimu wa kawaida hauzidi mechi 34. Wisconsin wako katika ligi ya WCHA pamoja na Minnesota, Minnesota Duluth, Ohio State, Minnesota State, St. Cloud State, Bemidji State na St. Thomas. Vyuo vinane, kila kimoja kikikutana na kingine mara nne, ni mechi 28. Zinabaki sita za nje ya ligi, na nyingi zinapangwa mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Huo ndio uwanja wa majaribio wa kocha. Ongeza kanuni ya NCAA inayoweka kikomo cha saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, na utaona kwa nini mambo mengi yanajaribiwa kwenye mechi zenyewe.

Vyuo vya Ivy, kundi la vyuo vikuu kongwe vya kaskazini-mashariki mwa Marekani kama Cornell, Princeton na Yale, vina taabu yao. Vinaanza kucheza mwishoni mwa Oktoba na kikomo chao ni mechi 29. Timu ya Ivy inaingia barafuni na safu ambazo hazijawahi kupimwa, ikikutana na wapinzani waliokwisha kucheza mwezi mzima. Ikifungwa mechi mbili za mwanzo, usikimbilie kusema imeporomoka.

Mechi zenyewe huchezwa kwa jozi, mara nyingi Ijumaa na Jumamosi dhidi ya timu ile ile. Mpangilio huu ni zawadi kwa anayetaka kuelewa. Ijumaa unaona mpango. Jumamosi unaona marekebisho. Kocha akiwarudisha watatu wale wale baada ya kufungwa, anaamini kasoro ilikuwa ya utekelezaji. Akiwavunja baada ya kushinda kwa mabao mengi, ameona kitu ambacho matokeo yalikificha. Mabadiliko ya Jumamosi baada ya ushindi ndiyo ninayoyapa uzito mkubwa kuliko yote.

Namna safu inavyoundwa, na inavyoharibika

Makocha wengi hawaanzi na watatu. Wanaanza na wawili wanaoelewana, kisha wanamtafuta wa tatu. Kwa hiyo ukiona safu tatu zimechanguliwa, angalia ni jozi zipi zimebaki. Zikibaki jozi tatu na mawinga watatu tu wakahama, hayo si mapinduzi, ni kutafuta anayefaa. Jozi zikivunjika nazo, hapo kuna tatizo la kweli. Mazoezini hili linaonekana waziwazi, kwa kuwa kila safu huvaa jezi za rangi yake. Anayebadilishiwa rangi Jumanne ana nafasi nzuri ya kuwa mahali papya Ijumaa.

Safu inahitaji kazi tatu tofauti wakati wa kukaba juu. Wa kwanza anamwendea mwenye kisahani (kinachochezwa hapa badala ya mpira) na kumlazimisha aende upande mmoja. Wa pili anaingia kwenye pembe kufukua kisahani kikigongwa ubaoni. Wa tatu anabaki juu, karibu na mbele ya goli, tayari kupiga shuti au kugeuka kurudi. Kosa la kawaida la safu mpya ni wote watatu kuzama chini kwa sababu kila mmoja amezoea kuwa wa kwanza au wa pili kwenye safu yake ya zamani. Kisahani kikitoka hapo, wapinzani wanaondoka watatu dhidi ya mabeki wawili. Bao likifungwa, lawama inawaangukia mabeki au kipa, ilhali kosa lilitokea meta 40 kutoka hapo. Ukiona timu inaruhusu mashambulizi ya namna hii mara nne au tano katika mechi moja ya Oktoba, tafuta nani alipaswa kuwa wa tatu.

Upande wa kushika gongo nao una kazi yake. Winga aliye upande wa mkono wake anapokea pasi ya pembeni kwa uso wa gongo na kutoka nayo kirahisi eneo lake la ulinzi. Ukimweka upande wa pili, anapata pembe nzuri ya kupiga shuti la moja kwa moja mbele ya goli, lakini pasi ile ya ubaoni anaipokea kwa mgongo wa gongo na kisahani kinamtoroka. Kwa mabeki ni vile vile, tena kwa hatari kubwa zaidi: beki wa gongo la kushoto anayechezeshwa kulia akipoteza kisahani kwenye mstari wa bluu, ule unaotenga eneo la ushambuliaji, nyuma yake kuna mwenzake mmoja na kipa. Wanaoshika gongo kulia ni wachache zaidi, kwa hiyo jeraha la beki mmoja wa kulia linaweza kupindua jozi zote tatu.

Sasa turudi kwa senta. Winga akikaba kwenye eneo lake analinda beki wa wapinzani aliye juu, karibu na mstari wa bluu. Senta anashuka hadi nyuma ya goli kuwasaidia mabeki wake, anamlinda anayejificha katikati, kisha anakuwa wa kwanza kupokea pasi ya kutoka. Winga aliyehamishiwa usenta hucheza wiki za mwanzo akiwa amechelewa nusu sekunde: anapanda kabla kisahani hakijatoka, na eneo lililo mbele ya kipa linabaki wazi. Pia atahitaji kugombea kisahani kila mwamuzi anapokidondosha, ustadi ambao haujengeki kwa siku mbili. Makocha hulizunguka hilo kwa kumweka winga mwingine aliyewahi kuwa senta kwenye safu ile ile: mmoja anagombea kisahani, halafu wanabadilishana nafasi kisahani kikishachezwa. Ukiona anayegombea kisahani upande wa kulia si yule anayegombea upande wa kushoto, usidhani ni vurugu. Kila mmoja anakwenda upande ambao gongo lake lina nguvu.

Pasi 62 za mabao za O'Brien hazikuwa za mtu mmoja tu anayeona vizuri. Zilihitaji wafungaji wanaojua wasimame wapi. Laila Edwards, mwenye urefu wa zaidi ya meta 1.80, alifunga mabao 35 msimu huo, mengi kuliko mchezaji yeyote wa vyuo. Caroline Harvey alifikisha pointi 63 akiwa beki. Wote wawili, pamoja na O'Brien, ndio walioingia tatu bora ya tuzo ya Kazmaier. Kumbe hata kabla hujamtafuta senta mpya, kuna chaguo la kuanzishia mashambulizi nyuma, kwa beki kama Harvey, na kumwachia senta kazi nyepesi zaidi. Timu ya taifa ya Marekani iliamua jambo la ujasiri kuelekea Olimpiki ya 2026: ilimhamishia Edwards kwenye ubeki. Unapunguza mfungaji mbele, lakini unapata mtu mwenye mkono mrefu na shuti zito anayecheza dakika nyingi zaidi, kwa kuwa mabeki ni sita wa kugawana muda na washambuliaji ni 12.

Benchi lilipo, na nani anabadili mwisho

Kiwanja cha kawaida cha vyuo kina urefu wa meta 61 na upana wa meta 26. Aliyetelezea kwenye uwanja wa Panari pale Nairobi, uliofunguliwa 2005 na ndiko walikozaliwa Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, ajue hiki ni kikubwa zaidi ya hapo, na umbali huo ndio unaofanya kubadilishana wachezaji kuwe sanaa.

Wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, bila kusubiri filimbi. Katika kipindi cha kwanza na cha tatu benchi liko upande wa eneo lako la ulinzi, kwa hiyo mabeki wana safari fupi. Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, na benchi linakuwa mbali. Beki aliyechoka akibanwa chini hawezi kutoka. Zamu ya sekunde 45 inageuka ya dakika moja na nusu. Mabao mengi ya kipindi cha pili huanzia hapo. Timu changa utaijua kwa namna inavyocheza dakika hizo 20: je, winga anakipeleka kisahani ndani kabisa ya eneo la wapinzani kabla ya kwenda benchi, au anageuka akiwa katikati ya uwanja na kuacha nafasi? La pili likijirudia, kocha atafupisha benchi, na safu ya nne haitaonekana tena hadi kipindi cha tatu.

Makosa mawili ya kubadilishana yana adhabu. Aingiaye kabla anayetoka hajafika karibu na benchi anaigharimu timu dakika mbili za kucheza pungufu. Na timu inayobutua kisahani kutoka nusu yake hadi kupita mstari wa goli wa wapinzani bila kuguswa hairuhusiwi kubadili wachezaji. Waliochoka wanabaki, kisahani kinarudishwa karibu na goli lao. Hapo ndipo kocha wa upande wa pili hufaidi, kwani anaweza kuingiza safu yake yenye miguu mipya.

Mwenyeji naye ana haki kubwa: mchezo ukisimama, mgeni anataja wachezaji wake kwanza, mwenyeji anafuata. Katika LaBahn Arena, uwanja wenye viti 2,273, Mark Johnson, anayekinoa kikosi cha Wisconsin tangu 2002, anachagua nani akutane na safu bora ya Minnesota. Akiwa ugenini haki hiyo hana, na hulazimika kuita mtu arudi benchi sekunde kumi baada ya kuingia ili amwepushe na mpinzani fulani. Usilinganishe basi dakika za nyumbani na za ugenini kana kwamba ni kitu kimoja. Mchezaji wa mwaka wa kwanza anayepewa dakika 15 ugenini, bila kulindwa, ameaminiwa kweli.

Vikosi vya adhabu vinavuruga hesabu zote. Mpinzani akitolewa kwa dakika mbili, watano bora wanaingia pamoja, kutoka safu mbili au tatu tofauti. Wanapotoka, kocha hana safu kamili iliyopumzika, kwa hiyo anaokoteza watatu walio tayari. Nusu ya safu "mpya" ambazo watazamaji huzitangaza Oktoba ni za namna hii. Hesabu tu zile zinazoanza zamu mchezo ukiwa watano kwa watano na hakuna adhabu iliyotoka kuisha.

Nani ana matumaini ya kweli

Mabao ya mwezi wa kwanza ni ushahidi dhaifu. Chukua safu iliyopiga mashuti 12 katika mechi mbili na kufunga matatu. Hiyo ni asilimia 25, wakati kipa mzuri wa kiwango hiki huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mashuti. Haitadumu. Safu nyingine imepiga 24 na kufunga moja. Hiyo ndiyo yenye kesho nzuri, mradi mashuti yatoke katikati mbele ya goli na siyo pembeni. Kocha anayevunja safu hii ya mashuti 24 ili kuinusuru ile ya mashuti 12 anafanya kosa ambalo hugharimu Januari.

Kwa wachezaji wapya, tazama mambo madogo. Wengi wanatoka shule na vilabu ambako walikuwa bora kiasi cha kubaki barafuni dakika nzima au zaidi. Mpya anayerudi benchi kwa sekunde 40 bila kuitwa amekwisha kuelewa kazi. Kwa kuwa kugonga mwili kwa nguvu ni kosa katika mchezo wa wanawake wa vyuo, hakuna nafasi ya safu ya nne ya kupiga watu tu. Hata wa mwisho kwenye orodha lazima ajue kutoa kisahani eneo lake akiwa amebanwa. Na tangu 2025-26, vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya wa malipo kwa wanamichezo vina kikomo cha wachezaji 26. Toa makipa watatu, wanabaki 23 kwa nafasi 19. Wanne wanaokaa jukwaani ni wachache mno kuziba majeraha na safari za timu ya taifa.

Safari hizo ni pigo kubwa kwa walio juu. Mechi za Marekani na Kanada za mwisho wa mwaka, na Olimpiki kila baada ya miaka minne, huchukua wachezaji wa vyuo katikati ya ratiba. Wikiendi ambayo nyota hawapo ndiyo ya kuandika pembeni: anayepanda kutoka safu ya tatu hadi ya kwanza na kubeba ugomvi wa kisahani kwenye eneo la ulinzi, kipindi cha tatu, timu ikiongoza kwa bao moja, ndiye kocha anamwandaa kwa mashindano ya taifa ya Machi. Fainali ya 2025 kule Minneapolis ilionyesha imani ya namna hiyo. Wisconsin walikuwa nyuma 3-2 dhidi ya Ohio State zikiwa zimebaki sekunde 18.9, wakapata penalti, na aliyepewa kuipiga ni Kirsten Simms. Alisawazisha, kisha akafunga la ushindi kwenye muda wa nyongeza, 4-3.

Majaribio haya ya mapema yana gharama yake, kwa sababu fomula inayopanga timu za mashindano ya taifa haijali tarehe. Kufungwa Septemba na mpinzani dhaifu wakati kocha anajaribu winga kwenye usenta kunahesabika sawa na kufungwa Februari. Timu 11 tu huingia. Tano za juu zinaruka raundi ya kwanza, na nne za juu zinacheza nyumbani hadi zifike nusu fainali, zikiwa na ile haki ya kubadili wachezaji mwisho. Katika WCHA ushindi ndani ya dakika 60 ni pointi tatu, ushindi wa nyongeza, wachezaji watatu kwa watatu, au wa penalti ni mbili, na aliyepoteza huko anapata moja. Kwa hiyo kocha anayejua kuwa timu yake itagombania nafasi ya nne au ya tano huacha kujaribu mapema, mara nyingi kabla Oktoba haijaisha. Mwenye kikosi kama cha Wisconsin anaweza kuendelea kuchanganya hadi Novemba.